Sauti Niliyoishusha kwa Jembe

Siku ile ya kuzika kule ziwani, tuliotoka kwetu tulikuwa sita. Nitawataja kwa uhusiano wao, majina nayaacha. Si kwamba nimeyasahau. Majina ninayo yote, la ubatizo na la nyumbani, hata la dereva wa lori na la utingo wake. Lakini wengine wako hai na wengine hawapo tena kujitetea, na jambo lenyewe si la kujivunia.

Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mwanangu wa pili, na mke wake, yaani mkamwana wangu, ambaye ndiye aliyefiwa na mama yake. Alikuwepo binti yangu mkubwa, wifi yake huyo mkamwana. Alikuwepo mdogo wa mume wangu, amekuja kwa niaba ya kaka yake, maana mume wangu mguu ulikuwa umemvimba na kupanda lori asingeweza. Wa sita alikuwa mgongoni, mtoto wa mkamwana wangu, msichana, alikuwa hajaanza kusema. Huyo ndiye leo ameniletea daftari hili na kalamu, akaniambia, "Bibi, andika kama unavyosema." Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kuandika ninaandika, ila mkono unachelewa.

Upande wa wafiwa alikuwepo baba wa mkamwana wangu, kaka yake mmoja mvuvi, na mama yake mdogo, yaani mdogo wa marehemu, ambaye muda mwingi alikuwa ndani na maiti. Watu wengine walikuwa wengi, majirani na watu wa kanisa, lakini kwa ninalotaka kusimulia hao wanatosha.

Ninalotaka kusimulia ni hili: mkamwana wangu alikuja kwetu na sauti yake, nami nikaiondoa. Wakati naiondoa nilidhani ninamfunza.

Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kuambiwa ni ruksa, kila mtu auze anachoweza. Zamani kahawa ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa wakaanza kuja watu binafsi na mizani yao mpaka huku kwetu Matiri, na vijana wetu walipoona watu wanatoka mbali kuja kununua, nao wakaota miguu. Mwanangu akawa anapakia maharage kwenye malori, anashuka nayo mpaka upande wa Mbamba Bay, anarudi na usipa mkavu, dagaa wa ziwani. Alishuka na kupanda hivyo miaka miwili. Tukaja kuambiwa kwamba kuna binti huko.

Posa ilikwenda, na kanisani walifungishwa hukohuko kwao. Mimi sikushuka. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kahawa iliyochumwa leo haisubiri harusi, lazima imenywe maganda leo. Kwa hiyo mara ya kwanza kumsikia mkamwana wangu ilikuwa siku alipoletwa nyumbani.

Walifika saa ya sengu. Kwetu, jioni wanaume wa ukoo wanakula pamoja uwanjani, chakula kinatoka kila nyumba, na hapohapo wanaongea mambo ya ukoo. Ndiyo sengu. Mume wangu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na mahali pale watu huongea taratibu hata wakigombana. Sisi wanawake tulikuwa kando, karibu na jiko.

Yule binti hakuja mpaka uwanjani. Alisimama kule chini, migomba inapoishia, akatua kapu lake, akasalimia.

"Shikamoo, baba."

Maneno yalikuwa mazuri tu. Lakini aliyasema kama mtu anayeita juu ya maji. Alianzia chini, akapanda, kipande cha mwisho akakivuta na kukiacha kinaning'inia hukohuko juu. Siwezi kukiandika. Nimejaribu kuchora mstari unaopanda pembeni mwa daftari, mjukuu wangu akauliza kama ni njia ya kwenda Mbuji.

Kwetu mkubwa humpandishii sauti mwishoni. Unaanza vizuri, halafu unaishusha, unaiweka chini mbele yake kama unavyoweka sahani. Ya kupanda mwishoni ni ya kuita mtoto aliyejificha bondeni, au mbuzi. Mume wangu alikuwa na tonge mkononi. Halikwenda mdomoni wala halikurudi kwenye sahani.

Mdogo wake akauliza, "Nani anaita?"

Binti yangu akacheka jikoni. "Wifi, sogea tu. Hapa hatuko ng'ambo, tunakusikia."

Mume wangu aliitikia marahaba, lakini ndogo, ya kwenye kidevu. Yule binti hakuisikia. Akasalimia tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Usiku wake mume wangu aliniambia maneno machache. "Mke wa mwanao mfunze. Siwezi kuitwa nyumbani kwangu kama mtu aliyeachwa na mtumbwi."

Sikuuliza kwa nini binti wa watu anasalimia vile. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokaa ufukweni siku tatu na kusikia upepo wa ziwa. Kule mtu anasema na mwenzake aliye majini, na maneno yasipopandishwa mwishoni yanaanguka kabla hayajafika. Tena kusimama mbali na kupaza sauti ni heshima, usije ukamkuta mkwe wako hajajiandaa. Sisi milimani ukipaza sauti, mlima wa pili unakurudishia, na bonde zima linajua shida zako. Kwa hiyo tunasema kwa ufupi na kwa chini. Kila mmoja alifunzwa na mahali pake. Lakini wakati ule nilijua pangu tu.

Alikuwa mwepesi sana, huyo mkamwana. Miezi minne haikupita, maneno ya Kimatengo alikuwa nayo. Jina la mboga, la mdudu, la shangazi wa upande gani, yote. Ila maneno yalikuwa ya kwetu na mwendo ulikuwa wa kwao. Watoto walikuwa wanamfuata kisimani ili wamsikie tu. Kwenye rozari ya jumuiya ilikuwa shida zaidi. Sisi tukiitikia Salamu Maria tunakwenda pamoja, tunakata pamoja, tunanyamaza pamoja. Yeye alikuwa akiuvuta mwisho, akawa anatokea peke yake wakati wote tumeshafunga midomo. Watu wanageuka.

Binti yangu akamwambia tukirudi njiani, "Wifi, amina yako inakuja na lori la kesho."

Naye akamjibu, "Ninyi mnamkatia Mungu kama mnakata kuni. Mnamdai?"

Tulicheka wote. Wakati huo alikuwa bado anajibu.

Nilimfunza shambani. Huku kwetu tunalima ngoro. Wanaume wanafyeka majani, wanayalaza mlimani kwa mistari inayokatana, inatokea miraba mingi. Halafu sisi wanawake tunaingia katikati ya kila mraba, tunachimba udongo na kuufunika juu ya majani, mpaka pale katikati panabaki shimo na pembeni panakuwa tuta. Maharage yanakaa kwenye tuta, maji ya mvua yanakaa shimoni, mlima haubomoki. Kazi hii ina mwendo wake. Jembe linapanda, linashuka, unavuta, unatupa. Wanawake wanne wakiwa kwenye mstari utasikia jembe moja tu. Ukiwa na mwendo wa peke yako unachoka kabla ya saa nne, na udongo wako unamwangukia mwenzako.

Siku moja namwangalia jembe lake linavyoshuka na letu, nikapata wazo. Nikamwambia, "Sema na jembe. Likipanda uanze neno, likishuka na sauti ishuke nalo. Lisiporudi juu, na wewe usirudi juu."

Akasema salamu. Akapanda.

"Jembe liko wapi?" nikamuuliza.

"Liko chini, mama."

"Na sauti iko wapi?"

Akaangalia juu, akacheka. "Imebaki kwenye mti."

Basi tukawa tunafanya hivyo. Salamu ya asubuhi kwa baba mkwe, jembe. Kukaribisha chakula, jembe. Kuomba ruhusa ya kwenda kisimani, jembe. Nilikuwa nasema mimi, anarudia yeye, mraba hadi mraba, msimu mzima na msimu uliofuata. Akipandisha nilikuwa nagonga mpini wa jembe langu kwa jiwe, ko, bila kusema neno. Mwishowe sikuhitaji kugonga. Nikiinama tu kutafuta jiwe, anajirekebisha.

Siku moja akasimama, akashika kiuno. Akasema, "Mama, nikiongea hivi najisikia kama nimebeba maji kichwani na njia haifiki."

Nikamwambia utazoea.

Lazima niseme ukweli kwa nini nilishikilia vile. Sehemu moja ilikuwa mume wangu, kila akikasirika alinitazama mimi. Sehemu nyingine ilikuwa yeye mwenyewe, nisingependa watoto wamcheke maisha yake yote. Hayo mawili nimeyasema mara nyingi kwa watu. La tatu sijalisema. Nilikuwa naona fahari. Mama mmoja wa jumuiya, tunatoka kanisani, aliniambia, "Mkamwana wako sasa ukifumba macho huwezi kumtenga na binti zako." Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevaa kitenge kipya. Mimi mwenyewe niliolewa hapa kutoka bonde la pili tu. Mama mkwe wangu alinifunza kushusha macho. Sauti hakunigusa, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa ya hapahapa. Sikujua mtu anajisikiaje ikiguswa.

Mwaka wa pili wa ndoa mama yake alipanda kuja kumwona. Alikuja kiangazi, na kapu la usipa kichwani na jingine dogo la samaki wakubwa waliobanikwa. Alisimama palepale migomba inapoishia, akamwita binti yake kwa mwito ule wa kupanda. Mkamwana wangu alikuwa anatwanga. Akaacha mchi, akaitikia.

Aliitikia chini, vizuri, kama nilivyomfunza.

Mama yake akaita tena. Nilidhani masikio ya bibi yule yamechoka na safari. Binti akaitikia tena, chini. Ndipo mama akasogea mpaka karibu kabisa, akamtazama usoni, akamshika mkono, akasema, "Ni wewe?" Akasema hivyo huku anacheka, nasi tukacheka. Baadaye tumekaa, wanaongea wawili Kinyasa chao, nami nasikia tu mwendo: mama anapanda na kushuka kama mawimbi, na binti kwa lugha yao hiyohiyo analima ngoro. Nilisikia. Sitasema sikusikia. Nilifurahi, nikajiambia kazi imeshika mpaka kwenye mizizi.

Mama yake aliniambia tulipokuwa tunaagana, "Mkwe, mmemtengeneza." Nikashukuru. Nilipokea kama sifa. Hakupanda tena kuja kwetu.

Habari ya msiba ilikuja kwa mtu wa lori la samaki, kwamba amefariki asubuhi, kwamba wanamsubiri binti. Tukaondoka sita, kama nilivyotaja. Lori lilikuwa limepakia magunia ya mahindi, tumekaa juu yake, na barabara ile ya kushuka ziwani ina kona ambazo ukizishuka mara moja unazikumbuka kwa jina. Mkamwana wangu hakulia njiani. Alikaa amemkumbatia mtoto. Tulipoanza kuona maji kwa mbali, ndipo akanisogelea.

Akaniambia, "Mama, nikueleze desturi yetu, ili usije ukashangaa. Tukishuka tutatembea mpaka kwenye mihogo ya baba. Pale nitaanza kulia. Ninyi nyamazeni kwanza, nisikike mimi peke yangu. Wanawake walioko ndani na mama hawatoki kumwona anayekuja, wanamsikiliza. Mgeni akilia wanaitikia kidogo. Mtoto wa nyumba akilia, wanamjua kwa sauti, wanatoka wote kumpokea kabla hajafika mlangoni. Na jeneza halifungwi mpaka mtoto apokelewe hivyo. Mama mdogo ndiye atakayetoka wa kwanza. Yeye amenilea, ananijua hata nikikohoa."

Nikasema sawa, tutanyamaza. Binti yangu naye akasema, "Sawa, wifi." Mdogo wa mume wangu akavua kofia tangu kule.

Tukafika kwenye mihogo. Akamhamisha mtoto, akampa mumewe. Akajifunika khanga kichwani. Tukanyamaza.

Akalia.

Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Kilio kile nilikifahamu, kilikuwa changu. Ndicho nilichomlilia mama mkwe wangu alipofariki, mkamwana wangu akiwa amesimama pembeni yangu, mwaka wa kwanza alioolewa. Kila neno linaanza juu kidogo, linashuka, linakatwa. Mama yangu, chini. Umeniacha, chini. Alikuwa analia kwelikweli, machozi yanaingia mdomoni, na sauti ilikuwa inapanda na jembe na kushuka na jembe.

Ndani wakaitikia. Kidogo, kwa adabu, wakanyamaza. Ile ya wageni.

Alitembea hatua kadhaa, akalia tena, kwa nguvu zaidi. Wakaitikia vilevile. Pazia la mlango halikutikisika. Kule uwanjani wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo, na fundi aliyetengeneza jeneza alikuwa na misumari mdomoni. Kaka yake, yule mvuvi, alisimama, akakinga macho jua, akatuona watu tumejifunika, tumejaa vumbi la lori.

Akamwambia baba yake, "Wakwe wa milimani wamefika."

Baba yake akauliza, "Na mdogo wako?"

"Bado. Sijamsikia."

Mzee akamwambia fundi, "Basi tusubiri kidogo. Mtoto hajafika."

Na mtoto alikuwa amesimama pale, si mbali, angeweza kuwatupia kokoto. Alisikia. Sote tulisikia. Wifi yake, aliyekuwa bingwa wa kumcheka, aliinama kama mtu anayetafuta kitu kwenye mchanga.

Mdogo wa mume wangu ndiye aliyesogea kwa wale wanaume akasema, "Jamani, huyu hapa. Mtoto wenu ndiye huyu analia." Kaka mtu akaja mbio, akamfunua khanga, akamwona. Akasema jina lake. Halafu akageuka akaingia ndani kuwaambia, na hapo ndipo mama mdogo akatoka, peke yake, taratibu, maana hakuna aliyeamini.

Alikuwa mwanamke mfupi, khanga ameifunga kifuani. Alimtazama mkamwana wangu, akamgusa shavu. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tuelewe, "Mimi nimembeba huyu mgongoni. Sauti yake ningeijua gizani." Kisha akaniangalia mimi. "Mmemfanya nini?"

Mpaka leo sijamjibu.

Akamwambia binti, "Lia tena, mwanangu. Lia kama kwenu. Mama yako akusikie."

Akajaribu. Alivuta pumzi, akaanza chini kama inavyotakiwa, akapanda, na alipofika pale pa kuachia, sauti ikaanguka. Yenyewe. Akajaribu tena. Ikaanguka palepale. Mara ya tatu alifunga macho, akanyanyua kidevu, mikono ameinyoosha mbele, na mimi niliyesimama nyuma yake nikawa namsukuma kimoyomoyo, panda, panda, mwanangu, bakia hukohuko. Ikakatika. Tukabaki tunasikia maji tu.

Mama mdogo akasema, "Basi. Basi, mama. Ingia hivyohivyo."

Akamkumbatia, na kabla hawajafika mlangoni yule mama mdogo akageuza uso juu, akalia yeye. Alilia kilio cha binti, kwa maneno ya binti, kwa niaba yake. Hicho ndicho walichotaka kukisikia. Pazia likafunuka, wanawake wote wakatoka kama maji, wakampokea. Kwa hiyo mama yule alililiwa na mtoto wake kwa mdomo wa mtu mwingine. Fundi akafunga jeneza.

Tulikaa siku tatu. Hakuna aliyenisema. Siku ya kuondoka mama mdogo alinipa beseni la dagaa, ule usipa wao, amelifunika vizuri kwa kitambaa. Akasema, "Mkwe, mmemtunza, amenenepa." Afadhali angenitukana.

Juu ya lori, tunapanda, nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nilikuwa na maneno. Niliyapanga tangu kona ya kwanza. Tulipofika kule juu hewa inapoanza kuwa baridi, nikafungua mdomo nikasema, "Mfunike mtoto." Akamfunika. Tukafika Mbinga mjini, maneno yangu bado ninayo.

Msimu uliofuata, tuko kwenye ngoro, nilimwambia, "Mwanangu, mimi sitaki tena mambo ya jembe. Ongea unavyotaka. Hata ukimwita baba mkwe wako kutoka mtoni, mimi nitasimama upande wako."

Aliendelea kuchimba. Akasema, "Nimeshazoea, mama. Nikiongea kwa namna ile sasa, naona kama namwigiza mtu."

Nikamuuliza, mtu gani. Akahamia mraba unaofuata.

Tumekaa naye vizuri miaka yote hii, na hilo nalo liandikwe. Hajawahi kunikosea adabu. Mume wangu alipofariki, mkamwana wangu alimlilia mpaka wazee wakatikisa vichwa, wakasema huyu ndiye binti aliyemzaa. Nilikuwa chini ya khanga, nasikia watu wanavyomsifu. Kila sifa ilikuwa inanidunga kama mwiba wa limau. Nami nikifa atanililia vizuri sana, kwa sauti yangu mwenyewe. Najua itakavyokuwa, naweza kuisikia tangu sasa.

Wanawe hawaijui sauti ile ya ziwani. Walibembelezwa kwa mwendo wa huku. Huyu aliyeniletea daftari alipokuwa msichana alikwenda likizo kwa babu yake, akarudi ananiambia, "Bibi, kule watu wanaongea kama wanaimba, nilicheka mpaka mbavu zikauma." Mama yake alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Mwezi uliopita tulikaa wawili jikoni, tunapukuchua mahindi. Sasa sisi wote ni wazee, yeye mvi, mimi mapengo. Nikasema nijaribu kabla sijachelewa kabisa. Nikamuuliza, "Ile shikamoo yako ya siku ya kwanza, pale kwenye migomba. Unaikumbuka ilikwendaje?"

Akapukuchua hindi lake mpaka likaisha. "Mama, siku ile niliambiwa nimekosea. Kosa nalo la kuweka?"

"Halikuwa kosa."

"Sawa, mama," akasema. Aliishusha vizuri kabisa, akaiweka mbele yangu kama sahani.

Sasa mimi ninayekumbuka majina ya watu wote waliokuwa kwenye sengu siku ile, na nani alikuwa amekaa wapi, na sahani ipi ilitoka nyumba gani, sauti ile sinayo. Nalala najaribu. Naanzia chini, napanda, nafika pale pa kuachia, na mimi inaniangukia. Jembe nililomwekea yeye nililiweka na kwangu.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma. Kama nimekosea mahali, mnisahihishe. Inawezekana mkamwana wangu alijaribu kulia mara mbili, si tatu. Inawezekana aliyekwenda kuwaambia wanaume hakuwa shemeji yangu bali mwanangu, ingawa naona kabisa kofia mkononi. Waliokuwepo wako, nao wanayo yao. Lakini zaidi nawaomba ninyi wanawake wa ufukweni, mliokulia huko na mnaokuja siku hizi na samaki mpaka uwanjani kwetu. Msije moja kwa moja mpaka mlangoni. Simameni kule chini, migomba inapoishia, msalimie kama kwenu. Mkiona nimenyamaza, salimieni tena. Mimi nitakuwa nasikiliza, niwaambie kama ndivyo au sivyo. Na mkamwana wangu atakuwa jikoni, mlango wake uko wazi upande huo.